Kahawa iko tayari au kahawa imeisha? Jibu kuhusu “valmis”, “loppu” na “kesken” za Kifini

SWALI: “Habari za kazi, mwalimu. Niko Tampere, Ufini, mwaka wa pili, nasomea kazi ya lähihoitaja, yaani uuguzi msaidizi, na sasa nafanya mafunzo kwa vitendo kwenye nyumba ya wazee. Kamusi moja inasema ‘valmis’ ni tayari, nyingine inasema ni iliyokwisha. Wiki iliyopita nilimaliza kumwogesha mzee, nikamwambia mwenzangu ‘olen loppu’ nikimaanisha nimemaliza. Akanivutia kiti na kuniuliza kama nalala vizuri. Siku nyingine nikasema ‘maito on valmis’ kumjulisha kwamba maziwa yameisha kwenye friji, akaniangalia tu. Na nikiulizwa ‘joko olet valmis?’ sijui naulizwa kama nimemaliza au kama niko tayari kuanza. Tena mara nasikia valmis, mara valmista, mara valmiiksi. Naogopa nitaandika kitu kibaya kwenye taarifa za wagonjwa. Nifanyeje?”

JIBU: Salama, ndugu yangu. Nimekuelewa hivi: maneno unayajua, lakini ukifika pa kuyatumia yanakugeuka, na unahofia kwamba kwenye kazi inayogusa afya za watu kugeukwa huko kunaweza kuleta madhara. Hofu yako ina msingi, na nitakuonyesha ni wapi hasa. Ila usidhani umekosea mambo mengi. Umekosea jambo moja, mara mbili.

Jambo lenyewe ni kitenzi chetu “kuisha”. Fundi akigongelea bati la mwisho na kupaka rangi, tunasema nyumba imeisha. Kopo la unga likibaki na vumbi tu, tunasema unga umeisha. Kitenzi ni kilekile, lakini nyumba iliyoisha ndiyo kwanza ipo, na unga ulioisha haupo tena. Sisi hatubabaiki kwa sababu tunajua nyumba hujengwa na unga huliwa. Kifini kimetenga mambo haya mawili kwa maneno mawili yasiyoingiliana. Nyumba iliyoisha ni “talo on valmis”. Unga ulioisha ni “jauhot ovat loppu”.

Kwa hiyo kabla ya kufungua mdomo jiulize swali moja: baada ya kuisha, kitu kipo au hakipo? Kikiwepo, kimetimia, ni valmis. Kikiwa hakipo, kimetumika mpaka mwisho, ni loppu. Jaribu kwa kahawa, maana kwenye chumba cha mapumziko utazisikia sentensi hizi kila siku: “Kahvi on valmista”, kahawa iko tayari, njoo umimine. “Kahvi on loppu”, kahawa imeisha, washa mashine upya. Uliposema “maito on valmis” ulimwambia mwenzako kwamba maziwa yamekamilika, kama vile kuna mtu alikuwa anayatengeneza. Ulitaka “maito on loppu”. Yakiwa bado kidogo lakini yanakaribia kuisha, ni “maito on loppumassa”, na hiyo ndiyo sentensi inayomsaidia anayeagiza bidhaa. Ni hivyohivyo kwa glavu na nepi: “käsineet ovat loppu”, “vaipat ovat loppu”. Ona kwamba jina na kitenzi vimeingia kwenye wingi, lakini “loppu” imebaki ilivyo.

Sasa rudi kwenye “olen loppu”. Umelichukua neno la kitu kilichotumika hadi kikaisha, ukajivika mwenyewe. Kwa Mfini, mtu aliye loppu ameishiwa nguvu, yuko hoi. Mwenzako alikuelewa vizuri sana, ndiyo maana akavuta kiti. Sentensi hiyo ni nzuri na utaihitaji siku moja baada ya zamu tatu za usiku mfululizo. Mtaani utaisikia “mä oon ihan loppu”, niko hoi kabisa.

Kamusi zako mbili hazigombani. Zote zinakatakata neno lisilokatika. “Valmis” haina maana mbili ambazo inabidi ubahatishe ipi imekusudiwa. Ina maana moja, nayo ni kutopungukiwa kitu, kutimia. Wali ukiwa valmis, ukitazama nyuma utasema umemalizwa kupikwa, ukitazama mbele utasema uko tayari kupakuliwa. Kiswahili kinakulazimisha uchague unatazama upande gani. Kifini hakikulazimishi. Hata kwenye mbio za watoto mwamuzi husema “paikoillenne, valmiit, nyt!”, kaeni kwenye nafasi zenu, tayari, sasa! Hakuna aliyemaliza chochote pale, lakini kila mmoja hapungukiwi kitu ili aanze.

Hivyo ukiulizwa “joko olet valmis?”, swali ni kama kuna kitu kilichobaki upande wako. “Joko” ni “jo” pamoja na kiulizi “-ko”, na inaleta ladha ya “umeshakuwa?”. Kama hakuna kilichobaki, jibu ni “olen”. Kwa kawaida Mfini hujibu kwa kurudia kitenzi, kwa hiyo “olen” peke yake linatosha kabisa. Kama kimebaki, usiseme “en ole valmis” ukanyamaza. Kisarufi haina kosa, lakini ikisimama peke yake inasikika kama unakataa, au kama mtu asiyejiona anaweza jambo hilo. Ongeza “vielä”, yaani bado: “en ole vielä”. Au useme kilichobaki: “ihan kohta”, sasa hivi tu, “vielä viisi minuuttia”, bado dakika tano. Na ukiwa hujui kabisa unaulizwa kuhusu nini, uliza “valmis mihin?”, tayari kwa lipi? Ni swali la kawaida, halimkwazi mtu.

Mara nyingi, lakini, linalofuata baada ya “valmis” ndilo linalokuonyesha kwamba mtu anatazama mbele. Kikifuata kitenzi, kinachukua mwishio “-maan” au “-mään”: “oletko valmis lähtemään?”, uko tayari kuondoka? “Olen valmis tekemään yövuoroja”, niko tayari kufanya zamu za usiku, sentensi ambayo kwenye usaili wa kazi itakufaa sana. Waswahili wengi hukosea hapa kwa kusema “valmis lähteä” au “valmis tehdä”, kwa sababu sisi tuna “ku-” moja tu ya kila mahali: kuondoka, tayari kuondoka, anataka kuondoka. Njia ya kupata umbo sahihi bila kukariri ni hii. Chukua kitenzi katika nafsi ya “wao”, toa “-vat” au “-vät”, weka “-maan” au “-mään”. He tekevät, tekemään. He lähtevät, lähtemään. He auttavat, auttamaan. He syövät, syömään.

Kikifuata jina, linachukua mwishio wa kuingia ndani: “valmis lähtöön”, tayari kwa safari, “valmis kouluun”, tayari kwenda shule. Tukisema “nyumbani”, “-ni” haituambii kama mtu yumo, anaingia au anatoka. Kitenzi ndicho kinachosema. Kifini kina hali 15 za majina, na kazi kubwa ya baadhi yake ni kuubandika mwelekeo kwenye jina lenyewe: “talossa” yumo ndani, “taloon” anaingia, “talosta” anatoka. Utayari kwa Mfini ni kama mtu aliyesimama mlangoni anaelekea ndani ya jambo, ndiyo maana ukachukua umbo la kuingia.

Kabla hatujaenda mbali, kuna “tayari” nyingine itakayokutega. Tunasema “amefika tayari”, “nimekula tayari”, na tayari hiyo si sifa ya mtu bali ni alama ya wakati. Hiyo kwa Kifini ni “jo”, kamwe si valmis. “Olen syönyt valmis” haieleweki. Sema “olen jo syönyt”. Hapa Kiswahili kinakusaidia kuliko lugha nyingi, kwa sababu “-mesha-” na “bado” tunavyo. Nimeshakula ni “olen jo syönyt”. Sijala bado ni “en ole vielä syönyt”. Umeshakula? ni “joko olet syönyt?” Wanafunzi wanaotoka kwenye lugha zisizo na “-mesha-” huhangaika na “jo” na “vielä” kwa miezi. Wewe umeshavaa kiatu hicho tangu utotoni.

Swali lako la maumbo. Mzizi wa “valmis” ni “valmii-”, na unafuata njia ya “kaunis”, mzuri wa sura, na “kallis”, ghali: kauniin, kalliin, valmiin. Usiseme “valmiksen”, hiyo ni njia ya maneno kama “tennis”, tenniksen. Maumbo ya kushika kwa kazi yako ni manne tu.

“Valmis” tupu ni ya kitu kinachohesabika: kakku on valmis, keki iko tayari, raportti on valmis. “Valmista” ni ya kitu cha kupimwa au kumiminwa, kisicho na kingo: kahawa, uji. “Ruoka”, chakula, utaikuta kwa namna zote mbili, “ruoka on valmis” na “ruoka on valmista”, na hakuna atakayekusahihisha. Umbo hili hutumika pia pale ambapo kitu hakitajwi kabisa. Mtu akiweka chini kalamu husema “valmista tuli!”, yaani tayari, imekamilika! Ukiwa nje ya mlango wa choo unamsubiri mzee, “joko on valmista?” ni swali la staha kwa sababu halitaji chochote. Nakushauri ulishike hilo hasa. Kumuuliza mzee kwa kutaja anachofanya mle ndani kunamvunjia heshima, na Kifini kimekupa njia ya kukwepa.

“Valmiiksi” ni ya kufika, kutoka hali ya kutokamilika hadi kukamilika, na hapa ndipo “nimemaliza” yako ilipo. Mfini hamalizi kitu. Hukipata kikiwa kimetimia: “sain raportin valmiiksi”, nimeimaliza ripoti. Ukikanusha, “en saanut raporttia valmiiksi”. Ukiulizwa “saatko kirjaukset valmiiksi ennen kolmea?”, anataka kujua kama utamaliza kuandika taarifa kabla ya saa tisa alasiri, maana saa zao zinaanza kuhesabiwa usiku wa manane. Utamsikia mtu akisema “olen valmis raportin kanssa”. Inaeleweka, lakini si Kifini kizuri, na kwenye maandishi iache.

“Valmiina” ni ya kukaa katika hali hiyo ukisubiri: “ruoka on valmiina pöydällä”, chakula kipo mezani kinangoja, “pidä paperit valmiina”, weka karatasi zako karibu zisikutafutishe.

Kwenye wingi utasikia “olemme valmiit” na “olemme valmiita”. Zote mbili zinakubalika. Usizipotezee usiku hata mmoja.

Neno la kuliogopa ni “lopettaa”. Kamusi itakuambia ni kumaliza au kuacha, na ni kweli, lakini kiini chake ni kukatisha, kukomesha. “Lopetin tupakoinnin”, nimeacha sigara. Ukimwambia msimamizi “lopetin työt”, anaweza kuelewa umeacha kazi yenyewe. Kutoka kazini mwisho wa zamu ni “pääsen töistä kolmelta”, natoka kazini saa tisa, au kwa maandishi “vuoroni päättyy kolmelta”. Mbaya zaidi, lopettaa ikichukua kiumbe hai, maana yake ni kumuua ili kumpumzisha, kama daktari wa mifugo anavyomfanyia mbwa mgonjwa. Kwetu pia “kummaliza mtu” si neno zuri. Hivyo hata kama umemaliza kumhudumia mzee, usimweke kamwe baada ya lopettaa. Sema kilichofanyika: “hän on käynyt suihkussa”, ameshaoga, “aamutoimet on tehty”, shughuli zake za asubuhi zimefanyika. Au useme tu “hän on valmis”, yaani ameoga, amevaa, amechanwa nywele, hapungukiwi kitu. Siku ile uliyosema “olen loppu”, sentensi iliyokuwa inakusubiri ni hiyo.

Na shule je? “Nimemaliza shule” usiitafsiri “lopetin koulun”, maana msomaji wa barua yako ya kazi atadhani uliacha masomo njiani. Kuhitimu ni “valmistua”, na kile unachokuwa baada ya kuhitimu kinachukua “-ksi”: “valmistuin lähihoitajaksi”. Ukiwa bado unasoma, “valmistun keväällä lähihoitajaksi”, nitahitimu majira ya kuchipua, na “opintoni ovat kesken”, masomo yangu yanaendelea. Ndugu zake wengine wawili usiwachanganye: “valmistaa” ni kutengeneza kitu, neno la kwenye vifungashio na maelekezo ya mapishi, na “valmistautua” ni kujiandaa, lenye ule mwishio wa kuingia: “valmistaudun kokeeseen”, najiandaa kwa mtihani. Wewe uliyezoea andaa, andalia na jiandaa hutashangaa kuona mzizi mmoja ukivikwa viambishi hivi.

Nimetaja “kesken”, na naipenda sana kwa sababu inaondoa aibu nyingi. Ni hali ya kitu kilichoanzwa na hakijafika mwisho. “Minulla on kirjaaminen vielä kesken”, bado naandika taarifa. “Hänellä on aamupala kesken”, bado anakula kifungua kinywa, msimwondolee sahani. “Työ jäi kesken”, kazi ilibaki njiani. Haibadiliki umbo na haina kosa la kufanya. Ukishindwa kupata namna nyingine ya kusema hujamaliza, hii itakuokoa.

Tufike sasa kwenye hofu yako yenyewe, taarifa za wagonjwa. Ndani ya valmis na loppu hakuna hatari kubwa. Watu wataelewa au watauliza. Hatari iko kwenye herufi moja mwishoni mwa jina. Soma sentensi hizi mbili: “Asukas söi puuron.” “Asukas söi puuroa.” Zote zinazungumzia mkazi aliyekula uji. Ya kwanza, yenye “-n”, inasema aliumaliza. Ya pili, yenye “-a”, inasema alikula uji kiasi, au alikuwa anakula. Sisi tungebadilisha kitenzi: alikula uji, alimaliza uji. Kifini kinaacha kitenzi kilivyo na kuonyesha kumaliza kwenye uji wenyewe. “Luin kirjan”, nilisoma kitabu nikakimaliza. “Luin kirjaa”, nilikuwa nasoma kitabu. Ukikanusha, tofauti inapotea, maana shamirisho la sentensi ya kukanusha daima huwa na umbo la sehemu, lile la “puuroa”: “ei syönyt puuroa” inasomeka kama hakula uji. Kama alikula nusu, sentensi hiyo itampotosha anayefuatilia uzito wa mgonjwa.

Kwa hiyo usiiache herufi moja ibebe mzigo wote huo. Andika kiasi. “Söi puuron kokonaan”, alikula uji wote. “Söi puolet annoksesta”, alikula nusu ya sahani. “Joi 150 ml mehua”, alikunywa mililita 150 za juisi. Hata wenyeji wanaoandika vizuri hufanya hivyo, na mwanafunzi anayeandika vipimo huaminika haraka kuliko anayeandika sentensi ndefu.

Kwenye dawa uwe mkali zaidi. “Lääkkeet ovat valmiina” haimaanishi umeshampa mgonjwa dawa. Inamaanisha dawa ziko tayari, zinangoja kutolewa. “Lääkkeet on jaettu” maana yake zimegawanywa kwenye vikasha vya dozi. Zikishatolewa kwa mgonjwa ni “lääkkeet on annettu”, na akishazimeza ni “otti aamulääkkeet”. Mtu akikuuliza kuhusu dawa na ukamjibu kwa valmis, mmoja anaweza kudhani zimetolewa na mwingine akadhani bado, na mgonjwa akapata mara mbili au asipate kabisa. Kwenye dawa, lifute valmis kinywani mwako. Tumia annettu, na kama hazijatolewa sema “ei ole vielä annettu”.

Nikiwa jikoni bado, neno moja la kukufurahisha. Sisi tunasema ndizi imeiva na nyama imeiva, neno moja kwa tunda na kwa chungu. Kifini nacho kina “kypsä” kwa vyote viwili: “banaani on kypsä”, “liha on kypsää”. Ukitaka kujua kama viazi vimelainika usiulize valmis, uliza “ovatko perunat kypsiä?” Ila mtu akisema “olen kypsä tähän” hajaiva, amechoshwa na jambo, limemfika hapa.

Matamshi yanastahili dakika tano kila siku, kwa sababu mdomo wa Kiswahili unaharibu maneno haya kwa namna tatu. Tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, wao huweka kwenye ya kwanza daima: VALmis, VALmiiksi, VALmistun. Tunapenda kupachika irabu kati ya konsonanti, ikawa “valimis”. Funga “l” na “m” pamoja. Na hatuna konsonanti ndefu. Kwenye “loppu” fumba midomo, ukae kimya kwa pigo moja, ndipo uachie. Ukisema “lopu” umetamka umbo jingine, lile la kukanusha: “ei lopu”, haiishi. Irabu ndefu hazitakusumbua. “Ii” ya valmiiksi irefushe kama unavyorefusha “uu” ya mguu.

Kuhusu njia ya kujifunza, una tatu, na kila moja ina gharama yake. Ukianza na vitabu vya sarufi utaelewa kwa nini, lakini zamu ya asubuhi haikungojei utafute jedwali. Ukiiga wenzako utaongea upesi, na utapata maumbo ya mtaani kama “ootko valmis?” na “me ollaan valmiita”, ambayo ni sahihi kabisa mdomoni lakini hayafai kwenye taarifa rasmi wala kwenye sehemu ya kuandika ya YKI, mtihani wa taifa wa lugha. Ukikariri sentensi nzima utakuwa salama ndani ya sentensi hizo tu. Kwa hali yako ningeanza na sentensi nzima: chukua kumi za zamu yako kutoka humu, ziseme kwa sauti hadi zitoke bila kufikiri, kisha ndipo uende kwenye sarufi ya “-n” na “-a” kwa utulivu. Jambo hilo moja linataka miezi, na usishangae.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi. Mpelekee mwalimu wako wa S2, yaani wa Kifini kama lugha ya pili, taarifa tano ulizoandika mwenyewe, majina ya wagonjwa yakiwa yameondolewa, amulike miishio. Masikio yako hayataweza kujisahihisha. Maktaba nyingi zina kielikahvila, vikao vya bure vya kuzungumza, ambapo utasema “valmista tuli” mara ishirini bila hofu ya kazi. Barua ikikujia yenye “työsopimus päättyy” au neno lolote la kuisha kwa mkataba, usiisome kwa kubahatisha. Mtafute tulkki, mkalimani, au mwakilishi wa wafanyakazi kabla ya kusaini. Na wakati wa kupokezana zamu, ukiwa na shaka hata ndogo kama dawa ilitolewa au la, mwendee muuguzi mhusika pale pale, mwonyeshe mstari kwa kidole, uulize: “Onko tämä jo annettu?”